Afya ya Jamaa: Homa Iliyoshuka Moyoni



Tumepokea barua ya mama mmoja wa komini ya Kenya, hapa mjini mwetu Lubumbashi. Wasomaji wa mbali wasidhani kwamba twasema juu ya nchi ya Kenya. Kenya yetu ni moja ya komini 7 za mji huu, yenye soko lile kubwa ambamo hata mwenyeji huweza kupotea. Mama huyo ametuandikia kurasa nne, na kwa ruhusa yake twaeleza habari yake bila kutaja jina lake, wala la mtoto wake, wala la ndugu za mume wake.

Kijana wake, mwenye miaka 17, alishikwa na mafua mwezi wa Juni, siku zile za baridi ambapo vumbi la mji huingia hata katika sufuria iliyofunikwa. Akakohoa, akapata homa siku tatu, akaumwa na mwili mzima, kisha akainuka. Nyumbani hakuna aliyeshtuka, kwa maana watoto wote wa ua ule walikuwa wakikohoa. Juma la pili akarudi kucheza mpira. Siku ya nne ya kucheza alirudi kabla ya wenzake, akaketi kizingitini na mkono kifuani, akamwambia dada yake mkubwa, "Yaya, moyo unakimbia, hauniachi nipumue." Usiku ule hakuweza kulala chali, alikesha ameegemea ukuta. Baada ya siku chache miguu yake ikaanza kuvimba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba mkubwa wa kijana, ambaye alikuwa na ugomvi na mdogo wake kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yao, alikuwa amemletea kijana zawadi ya raba mpya mwezi wa Mei. Mtu mmoja akazikumbuka zile raba. Wakaenda kwa mfumu, naye akapokea fedha yake akasema kwamba mkosaji ni mtu wa damu yao, aliyeingia nyumbani akicheka. Siku tisa zikapotea hivyo. Siku ya kumi mama akachoka na maneno, akampakia mwanawe katika teksi, akampeleka hospitali. Daktari akasikiliza kifua, akaandika mapigo ya moyo kwa mashine, akatazama moyo wenyewe kwa ekografi, kisha akasema, "Mama, moyo wa mtoto umevimba. Ni virusi ya yale mafua."

Sasa mama atuuliza maswali mawili. La kwanza: "Je, mafua yaweza kushuka moyoni, ama daktari alitaka kunituliza tu?" La pili: "Shemeji yangu hafiki kwetu tena. Nitamwambia nini?"

Mama, kwa swali la kwanza jibu letu ni fupi: daktari amesema kweli. Lakini neno fupi halitawatosha walioamini habari za raba. Kwa hiyo twaomba uvumilivu wa wasomaji, tulieleze jambo hili tangu shina lake.

Virusi ni kijidudu kidogo mno, kidogo kuliko bakteria kwa mbali sana. Peke yake hakiwezi kula wala kuzaa. Lazima kiingie katika chembe hai ya mwili, kikaitumie kama mwizi aingiaye katika karakana ya mtu, akawashe mashine za mwenyewe na kutengeneza watoto wake mwenyewe, mpaka karakana ipasuke. Kila virusi ina mlango wake inaoufahamu. Virusi nyingi za mafua hupenda pua, koo na mapafu. Lakini ziko virusi ambazo ufunguo wao hufungua pia mlango wa chembe za nyama ya moyo. Mojawapo ni jamii iitwayo Coxsackie, iliyopewa jina la mji mdogo wa jimbo la New York, huko Marekani, ambako ilipatikana mwaka 1948 kwa watoto wagonjwa. Hiyo huenezwa kwa kikohozi, tena kwa mikono isiyonawiwa na kwa maji yaliyoguswa na choo. Basi yule anayedhani kwamba sabuni ni kwa ajili ya tumbo peke yake, ajue kwamba inalinda na moyo.

Virusi ikiisha kuingia katika nyama ya moyo, madhara huja kwa njia mbili. Kwanza, yenyewe huua chembe. Pili, na mara nyingi hili ndilo baya zaidi, askari wa mwili hukimbilia pale kupigana, na vita vyao huivimbisha nyama ile ile waliyotumwa kuilinda. Ndiyo maana kijana alianguka wakati homa ilipokuwa imekwisha. Watu walisema, "Alikwisha kupona, basi ni kitu kingine." Hapana. Mafua yalikuwa yameondoka puani, lakini vita vilikuwa vikiendelea ndani.

Tena nyama ya moyo si kama ngozi. Ukijikata kidole, ngozi hurudi. Chembe za moyo zikifa, mwili huziba pengo kwa kovu, na kovu halijui kuvuta wala kusukuma. Moyo wa mtu hupiga kadiri ya mara 100,000 kila siku, usiku na mchana, bila siku ya Bwana ya kupumzika. Ukiwa umevimba au umejaa makovu, hupiga kwa unyonge, hupanuka kama mfuko uliotumika sana, na pengine mapigo yake huvurugika ghafula. Kuvurugika huko ndiko kuwaangushako vijana wengine uwanjani, wakafa kabla ya kubebwa.

Wazee waliofanya kazi ya migodi watatuelewa upesi tukitaja Kipushi. Mgodi ule, kadiri ya kilometa 30 kutoka mjini, hauwezi kukaa mkavu bila pampu, maana maji ya ardhini huingia siku zote. Mwaka 2011 pampu kubwa iliyokuwa chini sana iliharibika, na maji yakapanda, yakafunika kazi ya miaka mingi. Kuyaondoa kulichukua muda mrefu na fedha nyingi. Hakuna aliyeyatupia maji mle. Pampu ilikoma, yakapanda yenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa moyo. Damu isiposukumwa vema, maji hubaki nyuma: hushuka miguuni ikavimba, huingia mapafuni, na mtu akilala chali huona kama anazama. Kijana wetu alipoegemea ukuta usiku kucha, alikuwa akikimbia maji yaliyokuwa yakipanda.

Mtu atasema, "Hayo ni mambo ya watoto wa maskini, wasiokula vizuri." Si hivyo. Vijana wetu wamjua Alphonso Davies, mchezaji wa Bayern Munich, ambaye alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya wakimbizi ya Buduburam, nchini Ghana, wazazi wake wakiwa Waliberia waliokimbia vita. Mwezi wa Januari 2022, baada ya kuugua korona, waganga wa timu yake waliona kwa mashine kwamba moyo wake umevimba kidogo. Huyu ni kijana mwenye mbio kuliko karibu wote wa umri wake, anaye chakula na madaktari wa kila namna. Wakamwambia aketi. Akaketi majuma mengi, timu ikicheza bila yeye, na taifa lake la Kanada likicheza bila yeye michezo ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Mwezi wa Aprili akarudi, mzima.

Hapo pana dawa kubwa kuliko zote, nayo haina bei: kupumzika. Waganga huagiza kwamba mtu aliyevimba moyo kwa sababu ya virusi asicheze michezo ya nguvu kwa muda wa miezi 3 hata 6, na asirudi mpaka moyo wake upimwe tena. Walio wengi hupona kabisa wakitii. Wanaorudi uwanjani mapema huuchapa punda mgonjwa. Mji wetu ni mji wa mpira. TP Mazembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini kwa ajili ya vijana wa shule yao, na hatukusudii kuwanyima vijana furaha hiyo. Twasema tu kwamba mwenye homa asicheze, hata kama mchezo ni wa fainali ya mtaa, na mkufunzi anayemwita mvulana mwenye homa kuwa mvivu amefanya kosa kubwa.

Tugeukie sasa mishipa ya damu, maana virusi haziishii katika moyo. Ndani ya kila mshipa mna utando mwembamba sana, laini kama ngozi ya ndani ya yai, unaoiachia damu ipite bila kushika popote. Korona ilitufundisha jambo hili kwa ukali. Habari ya mgonjwa wa kwanza katika Kongo ilitangazwa tarehe 10 Machi 2020, na juma lililofuata makanisa yetu yakafungwa kwa amri ya Serikali. Sote twakumbuka Pasaka ile ya kusali nyumbani. Wakati ule tulidhani kwamba ni ugonjwa wa mapafu tu. Baadaye ilionekana kwamba huuwasha na ule utando wa mishipa. Utando ukiwaka, damu hushika, hufanya mabonge. Bonge likienda ubongoni huleta kiharusi, likiziba mshipa wa moyo hukata pumzi ya moyo wenyewe, likienda mapafuni huua upesi. Na hatari hiyo haikuisha siku ya kutoka kitandani. Uchunguzi mkubwa wa askari wastaafu wa Marekani, uliotolewa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hata mwaka mzima baada ya korona magonjwa ya moyo na kiharusi yaliwapata zaidi kuliko wenzao ambao hawakuugua.

Mafua ya kawaida nayo hayana haya. Waganga wa Kanada waliandika mwaka 2018 kwamba, katika siku 7 za kwanza za mafua makali, hatari ya kupatwa na mshtuko wa moyo ni kadiri ya mara 6 kuliko siku nyingine. Wazee wenye mishipa iliyokwisha kuziba nusu ndio wanaohatarishwa zaidi. Katanga iliyajua mafua tangu zamani: yale makubwa ya mwaka 1918 yalitujia kwa njia ya reli kutoka kusini, yakaingia katika makambi ya migodi, yakazika watu wengi. Mkanda wa jeshi vilevile, ule upele wa moto unaozunguka ubavu, huongeza hatari ya kiharusi katika majuma yanayoufuata. Basi mzee aliyeugua hivyo, kisha siku moja mdomo ukampinda na mkono ukalegea, asipelekwe kuombewa kwanza. Apelekwe hospitali saa ile ile, na sala tutazisali njiani.

Juu ya virusi ya ukimwi tutasema kwa kifupi, maana tumeiandikia mara nyingi. Hata anayemeza dawa vizuri, na virusi yake imelala, ana hatari ya ugonjwa wa moyo kadiri ya mara mbili kuliko mwenzake asiye nayo, kwa sababu mwili wake haupati kustarehe na vita. Asiache dawa kwa sababu ya neno hili! Akiziacha, hatari inazidi. Bali kila aendapo kuchukua dawa aombe apimwe na shinikizo la damu, na sigara aiache.

Mtoto wa tumboni pia ana moyo. Mama mjamzito akishikwa na rubela katika miezi ya kwanza, ugonjwa ambao kwake waweza kuwa vipele vya siku tatu tu, virusi yaweza kumfikia mtoto wakati moyo wake unafinyangwa, akazaliwa na moyo wenye kasoro, au kipofu, au kiziwi. Jambo hili lilitambuliwa huko Australia mwaka 1941, na wa kwanza kulitambua alikuwa mganga wa macho, aliyejiuliza kwa nini watoto wachanga wengi hivyo wana mtoto wa jicho. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wake dhidi ya rubela pamoja na surua mwaka 2014. Hakuna dawa nyingine ya kumkinga mtoto huyo ila mama yake awe amepata chanjo kabla ya kubeba mimba.

Kwa kuwa tumetaja chanjo, najua kuna baba atakayetuandikia kwamba chanjo ya korona ndiyo iliyovimbisha mioyo ya vijana huko Ulaya. Tumjibu mapema na kwa haki. Ni kweli kwamba chanjo za aina fulani zilileta uvimbe wa moyo kwa vijana wachache, hasa wavulana, na wengi wao walipona kwa kupumzika. Lakini ugonjwa wenyewe ulileta uvimbe huo kwa watu wengi zaidi, mbali na mengine uliyoleta. Anayesema nusu ya kwanza na kuificha ya pili hajasema uongo, lakini amewadanganya watu.

Sasa habari ya vidonge. Mama atuambia kwamba, kabla ya mfumu, walinunua sokoni vidonge vya rangi mbili, kimoja kimoja, bila karatasi wala jina. Twasikitika, lakini hatushangai. Dawa za kuua bakteria haziui virusi hata kidogo. Ni kama kumtegea samaki mtego wa panya. Hata hivyo wasomaji wasikimbilie upande wa pili, wakafikiri kwamba kila koo huachwa tu. Kuna koo la bakteria, lenye maumivu makali na homa, mara nyingi bila kikohozi wala mafua, ambalo lisipotibiwa kwa penisilini laweza kuleta baadaye homa ya viungo na kuharibu milango ya ndani ya moyo wa mtoto. Huo ni ugonjwa mwingine, si wa virusi, na katika Afrika umewaharibia watoto wengi mioyo yao. Nani atakayetofautisha koo na koo? Si muuza vidonge. Mpelekeni mtoto zahanati, atazamwe.

Na dalili za moyo ni hizi, mama mwenye haraka aweza kuzikata na kuzibandika ukutani. Ikiwa katika majuma yanayofuata mafua au kuhara mtu aona maumivu kifuani, au moyo kukimbia hali ameketi, au pumzi kukata akipanda ngazi chache, au akilala chali, au kuvimba miguu, au kuzimia hata mara moja, asingoje kesho. Mtoto mchanga hasemi: yeye ataacha kunyonya, atatoka jasho anaponyonya, atapumua mbio mbio, atakuwa baridi mikononi. Huyo abebwe mara moja.

Twarudi kwenye swali la pili, lililotugusa kuliko la kwanza. Mama, tulikuwa tukiihesabu habari yako siku kwa siku. Mafua yalianza Juni. Raba zilikuja Mei. Kama zile raba ndizo zilizobeba ubaya, watoto wote wa ua wenu waliokohoa juma lile walivaa raba za nani? Mwanao alipata virusi iliyopita kwa wote. Kwa nini ilishuka moyoni mwake na si mwa jirani, hata waganga wenye elimu kubwa hawawezi kumwambia kila mgonjwa. Hapo ndipo mfumu hupata chakula chake. Daktari akisema, "Sijui kwa nini ni yeye," mfumu husema, "Mimi najua," na watu hununua jibu kwa sababu ni jibu. Nanyi mmelilipia jibu hilo kwa fedha, na kwa siku tisa ambazo maji yalikuwa yakipanda, na kwa ndugu.

Hatukulaumu wewe. Wewe ndiwe uliyeita teksi. Lakini shemeji yako amekaa miezi miwili akijua kwamba katika nyumba ya mdogo wake jina lake limetajwa pamoja na kifo cha mtoto. Ugomvi wa kiwanja una mahakama yake na wazee wake, na labda katika jambo la kiwanja yeye ndiye mwenye kosa. Hatujui, wala si kazi yetu. Katika jambo la mtoto hana kosa. Kumpelekea salamu kwa mtu mwingine hakutatosha, na kumngoja aje mwenyewe si haki, maana si yeye aliyeondoka.

Tena si wewe upasaye kuanza kusema, bali mume wako, kwa kuwa ni ndugu yake, na ndiye aliyemfuata mfumu. Umesomee barua hii jioni. Kisha, daktari akiruhusu kijana kutembea polepole, nendeni kwa shemeji Jumapili baada ya Misa, ninyi watatu, bila wazee na bila maneno ya kiwanja siku hiyo. Baba aseme: "Kaka, tulikutaja kwa ubaya, na tulikosa." Aseme hivyo tu, asiongeze "lakini". Na kijana avae zile raba. Umetuandikia kwamba zimo bado chini ya kitanda katika mfuko wa plastiki, na hakuna anayethubutu kuzigusa. Si za kukimbilia mbio mpaka mwaka ujao, ila kwa mwendo wa kutoka kanisani hadi kwa baba mkubwa zinafaa, na njiani apumzike kila achokapo.

Baba wa Katuba aliyeuliza juu ya chumvi na shinikizo la damu, na mama wa Rwashi mwenye mtoto anayetoka damu puani, watusamehe, nafasi imekwisha. Tutawajibu juma lijalo.